Risasi Ndani ya Tangi: Kisingizio cha Injini Kuukuu

Katika maduka ya vipuri vya magari, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, karibu kila kichupa cha kumimina ndani ya tangi la mafuta huitwa dawa. Kuna dawa ya kusafisha kabureta, dawa ya kukata moshi, dawa ya kuipa injini nguvu, na ipo ile inayonadiwa kwa wenye mitambo ya zamani: mwenye Vespa ya miaka ya sabini, mwenye pampu ya maji ya kurithi, mwenye gari lililompita umri. Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Dawa huandamana na ugonjwa, na muuza dawa sharti kwanza amshawishi mteja kwamba anaumwa. Dawa kubwa kuliko zote zilizowahi kutiwa kwenye petroli ilikuwa madini ya risasi, na historia yake ina fundisho kwa kila kichupa kilichofuata. Kwa takriban miaka hamsini risasi iliuzwa kwa sababu moja. Sababu hiyo ilipoyumba ikatafutwa nyingine, na hiyo ya pili ndiyo iliyosafiri hadi kwetu na kudumu: kwamba bila risasi valvu zitalika na injini kuukuu zitakufa. Ninachodai ni kwamba sababu hii ya pili ilikuwa na chembe ya ukweli, ila chembe hiyo ilinyooshwa mpaka ikafunika injini zisizoihusu kabisa, na injini ndogo ndizo zilizosingiziwa kuliko zote.

Habari inaanzia Dayton, mji wa jimbo la Ohio nchini Marekani, katika maabara ya utafiti ya General Motors iliyoongozwa na Charles Kettering. Tatizo lao lilikuwa kugonga. Ndani ya silinda, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli, na moto hutakiwa usambae kwa utaratibu mpaka ukutani. Mchanganyiko ukibanwa kupita kiasi, ile sehemu ambayo moto haujaifikia hujilipukia yenyewe, na dereva husikia mlio kama wa nyundo ndogo zinazopiga chuma. Mlio huo uliwafunga mikono wahandisi, kwa kuwa nguvu ya injini hutokana na mbano, na kila walipoongeza mbano injini iligonga. Thomas Midgley, mhandisi wa mitambo aliyejifunzia kemia kazini, alijaribu iodini, anilini, seleniamu, hata teluriamu, ambayo harufu yake iling'ang'ania miili ya watafiti kiasi cha kuwafanya waepukwe. Tarehe 9 Desemba 1921 ilitiwa risasi tetraethili, na mlio ukakatika. Kiasi kilichotosha kilikuwa kidogo mno, chini ya sehemu moja kwa elfu moja ya mafuta. Hii ndiyo sababu ya kwanza, na ndiyo iliyoandikwa kwenye matangazo kwa miongo kadhaa: petroli yenye risasi haigongi, kwa hiyo injini inaweza kubanwa zaidi na kutoa nguvu zaidi. Valvu hazimo katika habari hii. Wala injini kuukuu hazimo. Shabaha ilikuwa injini za kesho, zenye mbano mkubwa kuliko zilizokuwapo.

Kulikuwa na njia nyingine, na waliohusika waliijua. Pombe, yaani ethanoli, nayo huzuia kugonga. Lakini ethanoli inaweza kuchachushwa na yeyote mwenye nafaka au miwa, na hakuna kampuni inayoweza kuifungia kwa hataza, wakati risasi tetraethili iliweza kulindwa na sheria na kuleta faida kwa kila galoni iliyouzwa. Tarehe 2 Februari 1923 petroli ya kwanza ya aina hii ikauzwa papo hapo Dayton. Iliitwa Ethyl, jina la kupendeza lisilotaja risasi hata kidogo. Mwaka uliofuata General Motors na Standard Oil ya New Jersey wakaunda kampuni ya kuiuza. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway huko New Jersey, wafanyakazi watano walikufa baada ya kupagawa, na wenzao wengi wakalazwa. Magazeti yakaipachika jina la gesi ya wendawazimu. Midgley aliwaita waandishi wa habari akanawa mikono kwa kioevu hicho mbele yao, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameshaugua kwa sumu ya risasi. Mkutano uliofanyika Washington mwezi Mei 1925 ulisikia maonyo ya Alice Hamilton wa Harvard na Yandell Henderson wa Yale. Mauzo yalisimama, kamati ikachunguza kwa miezi michache, na mwaka 1926 pampu zikafunguliwa tena.

Kinachosahaulika katika simulizi hili ni kwamba lalamiko la kwanza la mafundi dhidi ya risasi lilihusu valvu zilezile ambazo baadaye ilidaiwa kuzilinda. Risasi ikiungua huacha oksidi ngumu. Oksidi hiyo iliganda kwenye plagi ikaua cheche, ikatanda juu ya valvu za kutolea moshi, kisha ikabanduka vipande vipande na kuacha nyufa ambazo moto ulipenya na kuila valvu ukingoni. Petroli iliyonunuliwa ili kuipa injini nguvu ilikuwa inaiharibu. Ilibidi dawa yenyewe itafutiwe dawa: viambato vya bromini na klorini viliongezwa ili kuigeuza risasi kuwa mvuke itoke na moshi. Bromini iliyohitajika ilikuwa nyingi kuliko iliyopatikana sokoni, hivi kwamba mwaka 1925 meli iliyopewa jina la Ethyl ilitumwa baharini kujaribu kuikamua kutoka maji ya chumvi, na mwaka 1934 kiwanda kamili kikaanza kazi hiyo katika pwani ya North Carolina. Hata hivyo tatizo halikuisha. Mabaki ya bromini na klorini yalizaa asidi iliyokula mabomba ya moshi na kuchafua oili, na wafua vyuma walilazimika kubuni aloi za valvu zenye kustahimili ulaji wa oksidi ya risasi. Mtu ambaye angesema mwaka 1930 kwamba risasi ni mlinzi wa valvu angechekwa na gereji nzima.

Sababu ya pili ilizaliwa lini basi? Ilizaliwa pale ambapo risasi ilianza kutakiwa kuondoka. Mwaka 1965 Clair Patterson, mwanasayansi aliyepima umri wa dunia kwa kutumia risasi ya kimondo, alionyesha kwamba mwili wa mtu wa kisasa umebeba risasi nyingi mno kuliko ilivyo kawaida ya maumbile. Marekani ikaanza kudai kigeuzi cha moshi, kifaa cha kusafisha moshi wa injini, kwenye magari mapya ya 1975, nacho huuawa na risasi, kwa hiyo vituo vikatakiwa kuweka pampu isiyo nayo. Wakati watengenezaji walipojaribu injini za kawaida kwa petroli safi, waliona jambo geni. Valvu ya kutolea moshi, ikiwa nyekundu kwa joto na ikigonga siti yake, yaani kikalio cha chuma laini inapofungia, maelfu ya mara kwa dakika, ilinyofoa chembe ndogondogo za chuma, na valvu ikazama polepole ndani ya hedi, kifuniko cha juu cha silinda. Utando mwembamba wa risasi uliokuwa ukitanda kwenye siti ulikuwa umezuia vyuma hivyo viwili kushikana. Hapo ndipo faida hii ilipotambuliwa, na ilitokea kwa bahati tu, mfano wa mwizi aliyekutwa akifukuza mbwa mkali uani. General Motors haikuhitaji kuomba risasi ibaki. Iliunguza siti za injini zake za mwaka 1971 kwa mkondo wa umeme mpaka zikakakamaa, na mambo yakaendelea.

Ushahidi kwamba magari mengi yangeweza kuishi bila risasi ulikuwepo kitambo. Kampuni ya American Oil ilikuwa imeuza petroli isiyo na risasi katika majimbo ya mashariki ya Marekani tangu kabla risasi haijaanza kutiwa kwenye petroli, na iliendelea kuiuza miongo yote ya katikati huku wateja wake wakienda kazini na kurudi salama. Na ukirudi nyuma zaidi, hoja ya umri inaporomoka yenyewe. Ford Model T, gari lililotengenezwa kwa mamilioni kati ya 1908 na 1927, lilibuniwa miaka kumi na tatu kabla ya ugunduzi wa Dayton. Injini nyingi za shambani za nusu ya kwanza ya karne iliyopita ziliwashwa kwa petroli kisha zikaendeshwa kwa mafuta ya aina ya taa, na matrekta kadhaa ya Kiingereza ya miaka ya arobaini na hamsini yalitengenezwa rasmi kwa mafuta hayo. Mitambo hiyo ina mbano mdogo, inazunguka polepole, na joto la valvu zake ni la chini. Kwa maneno mengine, injini kuukuu zaidi ndizo zenye haja ndogo zaidi. Zenye udhaifu wa kweli ni kundi la katikati, zile zilizobuniwa kati ya miaka ya thelathini na mwanzo wa sabini, zenye hedi ya chuma cha kumiminwa ambamo siti imechongwa moja kwa moja, na zinazofanyishwa kazi nzito kwa mwendo wa kasi. Umri unaoandikwa kwenye kadi ya gari pekee hauwezi kukuamulia hilo. Swali ni siti imetengenezwa kwa chuma gani na injini inakimbizwa kiasi gani.

Mpinzani ana haki ya kunikumbusha matrekta. Mwaka 1985 Bunge la Marekani, likisukumwa na wakulima wenye hofu, liliagiza utafiti maalumu wa mitambo ya kilimo bila risasi, na ni kweli kwamba baadhi ya injini zilizofanyishwa kazi kwa mzigo mkubwa na mizunguko mingi siti zake zililika haraka. Silikatai hilo. Hofu ya mkulima yule ilikuwa na msingi, na anayeandika historia hii kana kwamba kila mtetezi wa risasi alikuwa mwongo anapotosha. Lakini matokeo yaleyale yalionyesha kwamba kazi nyepesi iliacha siti nzima, na kwamba zilizokuwa na siti ngumu hazikudhurika. Kisha kuna suala la kipimo, ambalo kwangu ndilo linaloumbua hoja yote. Kufika tarehe 1 Januari 1986 Marekani ilikuwa imeshusha risasi hadi gramu 0.1 kwa galoni, na kiasi hicho kidogo kiliachwa kwa makusudi ili kuwastahi wenye valvu laini. Wakati wa kilele chake petroli ya Marekani ilibeba zaidi ya gramu 2 kwa galoni. Kama gramu moja ya kumi ilitosha kulinda valvu, basi zile nyingine zaidi ya kumi na tisa hazikuwahi kuwa za kumlinda yeyote. Zilikuwa za kuzuia kugonga, yaani za ile sababu ya kwanza, na valvu zilitumika kama kanzu ya kufunikia.

Sasa tuje kwenye injini ndogo, ambazo majina yake hutajwa sana pale mtu anapotaka kuuza kichupa. Vespa za kale zinazopita vichochoro vya Mji Mkongwe, mashine za boti zinazosukuma ngalawa na mitumbwi ya wavuvi tangu Lamu hadi Mtwara, misumeno ya mnyororo, pikipiki za zamani zinazochanganyiwa oili kwenye petroli: nyingi mno kati ya hizo ni injini za mipigo miwili. Injini ya namna hii haina valvu ya kusimama wala siti ya kulika. Pistoni yenyewe hufungua na kufunga matundu ya ukutani. Kuihubiria mashine hiyo habari za ulinzi wa siti ya valvu ni sawa na kumuuzia samaki mwavuli. Risasi iliidhuru tu: chembe zake zilijenga daraja katikati ya pengo la plagi, na mvuvi akabaki katikati ya maji akivuta kamba ya mashine isiyowaka. Ulinzi wa kweli wa injini ya mipigo miwili ni oili yake, ichanganywe kwa kipimo sahihi na iwe ya aina inayofaa, kwa maana oili hiyo ndiyo pekee inayolainisha beringi na ukuta wa silinda.

Zimebaki injini ndogo za mipigo minne, za jenereta, pampu za maji na mashine za kukata nyasi. Hapa mpinzani makini atasema kwamba nimejitega, maana injini ya jenereta huzunguka kwa kasi moja kwa saa nyingi chini ya mzigo, na hiyo ndiyo hali inayokula siti. Ni kweli kwa upande wa kazi, lakini kwa upande wa chuma hali ni tofauti. Ili ziwe nyepesi na zipoe kwa hewa, injini ndogo za kisasa zimetengenezwa kwa aluminiamu, na aluminiamu ni laini mno kuweza kuwa siti ya valvu. Ni lazima fundi wa kiwandani apachike pete ya chuma kigumu. Kwa hiyo udhaifu unaotajwa uliondolewa na uchaguzi uliofanywa kwa sababu nyingine kabisa, za uzito na joto. Tena injini za GX za Honda, ambazo pamoja na nakala zake zimejaa kwenye mashamba ya mboga ya ukanda huu, zilianza kutoka mwaka 1983, katika nchi ambayo petroli yake ya kawaida ilikuwa imeshaachana na risasi tangu 1975. Zinazoweza kuhitaji uangalizi ni injini za Kiingereza za chuma kizito za kabla ya hapo, na hizo, kama nilivyosema, nyingi zilizaliwa zikinywa mafuta ya chini kabisa.

Afrika Mashariki ilipokea risasi kwa njia ya viwanda vya kusafishia mafuta na meli za mafuta. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963, na kile cha TIPER, Kigamboni, mwaka 1966. Vilijengwa katika zama ambazo njia nafuu ya kupandisha oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili mbano bila kugonga, ilikuwa kuongeza risasi mwishoni, kama mpishi anavyoongeza chumvi kwenye mchuzi uliopoa. Magari yaliyotumia petroli hiyo hayakuwa yote ya kundi dhaifu. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na hedi ya aluminiamu yenye siti za kupachikwa, na ndivyo ilivyokuwa 504 iliyofuata na kubeba abiria kila barabara ya Kenya. Volkswagen ya mgongo wa kobe nayo ni hivyohivyo. Kisha, kuanzia miaka ya themanini na tisini, bandari zetu zikafurika magari yaliyotumika kutoka Japani, yaliyobuniwa kwa petroli isiyo na risasi na mengi yakiwa na vigeuzi vya moshi. Yalifika Mombasa na Dar es Salaam na kujazwa petroli yenye risasi, vigeuzi vikafa, na wenye magari wakaambiwa kwamba risasi ni kwa ajili ya afya ya injini. Sijui kejeli inayozidi hiyo katika historia ya gereji zetu: magari yaliyokuja yakiwa salama yaliharibiwa kwa jina la kulindwa.

Uamuzi wa kuachana nayo ulifikiwa Dakar mwezi Juni 2001, ambapo nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana kuondoa risasi, na mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Johannesburg, ukaundwa ushirika wa kimataifa wa mafuta safi uliosimamiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka makao yake Gigiri, Nairobi. Wakati huo zaidi ya nchi mia moja duniani zilikuwa bado zinauza petroli ya risasi, na pampu nyingi za mji huohuo wa Nairobi ziliiuza pia. Hoja iliyotolewa sana dhidi ya mpango huo ilikuwa ya huruma: wenye magari kuukuu ni watu wa kipato kidogo, na wao ndio watakaolipia valvu zilizozama. Ni hoja nzito, na haifai kupuuzwa na watu wanaoendesha magari mapya. Ila ilihesabu upande mmoja tu wa daftari. Wakala wa mazingira wa Marekani, katika hesabu zake za mwaka 1985, ulikuta kwamba kuondoa risasi kunampunguzia mwenye gari gharama za plagi, oili na mabomba ya moshi, na kwamba akiba hiyo ni kubwa kuliko hasara ya valvu. Upande mwingine wa daftari walikuwepo watoto. Utafiti wa Herbert Needleman wa 1979, uliopima risasi kwenye meno ya utotoni, ulihusisha kiwango kikubwa cha madini hayo na kushuka kwa uwezo wa akili wa watoto ambao kwa nje hawakuonekana wagonjwa. Watoto wa mwenye gari kuukuu ndio waliokaa karibu na barabara. Huruma ya namna hii ilimhurumia mzazi kwa upande wa hedi ya gari lake na kumsahau mwanawe.

Wala huruma haikuwa peke yake. Machi 2010 kampuni ya Innospec, iliyokuwa imebaki mtengenezaji mkuu wa risasi tetraethili kutoka kiwanda chake cha Ellesmere Port, Uingereza, ilikiri mahakamani Marekani na Uingereza kosa la kuwahonga maofisa wa Iraki na Indonesia ili bidhaa hiyo iendelee kununuliwa. Jambo hilo linanifanya nisite kila ninaposoma kwamba nchi fulani ilichelewa kwa sababu ya kuwajali wenye mitambo ya zamani. Kenya na nchi nyingi za kanda zilifunga mlango huo mwanzoni mwa 2006. Algeria, ya mwisho duniani kwa magari ya barabarani, ilifunga Julai 2021.

Ni nini kilichotokea kwa injini kuukuu siku iliyofuata? Uingereza, iliyoacha kuuza petroli ya risasi kwa umma tarehe 1 Januari 2000, iliweka kwenye pampu petroli mbadala yenye viambato vya kulinda valvu. Wanunuzi walipungua haraka kiasi kwamba ndani ya miaka michache vituo viliiondoa. Waliobaki na haja walielekezwa kwenye vichupa, na hapa lazima niwatendee haki wauzaji: baadhi ya vichupa hivyo vinafanya kazi. Vyama vya magari ya kihistoria vya Uingereza vilivipima maabara, na vilivyo na fosforasi, potasiamu, sodiamu au manganisi kwa kipimo cha kutosha vilionekana kupunguza ulikaji wa siti laini. Vyama vilevile vilionya kwamba viambato tofauti visichanganywe. Afrika Kusini ilipitia njia hiyohiyo baada ya 2006. Kwa hiyo dawa ipo, na ugonjwa upo. Lakini mgonjwa wake ni mmoja kati ya wengi, na matibabu ya kudumu hayauzwi kwa chupa: fundi wa kuchonga hedi hutoboa siti ya zamani, akapachika pete ngumu, na suala likaisha kwa maisha yote ya injini. Kazi hiyo mafundi wetu wameifanya miaka mingi bila kuhitaji mkutano wa kimataifa.

Mtu atauliza kuhusu ndege. Ndege ndogo za pistoni zinazoruka kutoka viwanja kama Wilson, Nairobi, zilibaki na petroli yenye risasi baada ya magari kuiacha, na hili hutumiwa kuthibitisha kwamba injini za zamani haziwezi kuishi bila hiyo. Ukichunguza, linathibitisha kinyume. Kinachoishikilia risasi angani kwa sehemu kubwa ni oktani: injini zenye mbano mkubwa huhitaji mafuta ya kiwango cha 100 zisigonge zikiwa zinapaa. Ni sababu ya mwaka 1921, imerudi na sura yake ya kwanza.

Kuongezeka kukubwa kuliko kote kwa injini ndogo katika historia ya ukanda huu kulikuja risasi ikiwa imeshakwenda. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na bodaboda zikamiminika. Tanzania na Uganda nazo zikajaa. Kizazi hicho chote cha injini hakikuonja risasi hata tone. Kinachoziua injini hizo kinajulikana na kila fundi wa kando ya barabara: oili iliyopitwa na wakati, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, na petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Hilo la mwisho liliipa lugha yetu mojawapo ya maneno yake ya kisasa yenye nguvu, kuchakachua, ambalo liliruka kutoka vituo vya mafuta hadi masanduku ya kura. Mafuta ya taa hushusha oktani, injini ikagonga, na mwenye pikipiki akaenda kununua kichupa cha kuzuia kugonga. Hapo ugonjwa ni wa biashara, na serikali ziliutibu kibiashara: Tanzania ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yaliyochakachuliwa yatambuliwe, na Kenya mwaka 2018 iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili wachakachuaji wakose faida. Hatua hiyo ya pili iliwaumiza wanaopikia mafuta ya taa, na sidhani bei waliyolipa ilikuwa ya haki, ila ililenga chanzo.

Ile pombe iliyowekwa kando Dayton sasa imerudi. Kenya iliwahi kuitumia: mwanzoni mwa miaka ya themanini kiwanda cha Muhoroni kilichachusha molasi ya miwa, na ethanoli yake ikachanganywa na petroli kwa takriban asilimia 10 hadi mpango ulipofifia mwanzoni mwa tisini. Leo Marekani na Uingereza huuza mchanganyiko wa asilimia 10 kama petroli ya kawaida, na pamoja nao kumezuka safu mpya ya vichupa vya kulinda injini ndogo za zamani, safari hii dhidi ya ethanoli. Malalamiko yana ukweli wake. Ethanoli huvuta unyevu, hulainisha baadhi ya mipira na gundi za kale, na petroli iliyolala miezi ndani ya kabureta huacha utomvu unaoziba matundu yake membamba; Marekani yenyewe imekataza mchanganyiko wa asilimia 15 kwa pikipiki na mashine ndogo. Kichupa cha kuzuia petroli isichache kinaweza kusaidia kwa mashine itakayolala msimu mzima. Lakini kabla ya kukinunua, mwenye mashine anaweza kufunga koki ya petroli, akaiacha injini iwake mpaka ikazimika yenyewe kwa kukosa mafuta, akafungua skrubu iliyo chini ya kabureta na kumwaga kilichobaki, kisha akabadilisha mpira wa petroli uliokakamaa kwa mpya.